Mama Pindo, Mshonaji wa Sare za Shule Isiyokuwepo

Krruch, krruch. Hivyo ndivyo mkasi wake mkubwa ulivyosikika ukipasua kitambaa juu ya meza ya mbao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla redio za majirani hazijawashwa. Watoto wa mtaa walivaa viatu kwa mlio huo, na ulipokoma walijua kwamba wamechelewa shule. Mkasi umenyamaza tangu Februari. Leo, Jumamosi tarehe 24 Septemba 2022, tumekuja kumzika mwenye mkasi.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majengo na mama yake alifua nguo za watu. Alikulia kati ya rangi na nguo, na wazee wake walimtania kwamba kazi yake ilimchagua tangu tumboni. Alikuwa mtoto mpole, asiyepaza sauti hata akinyang'anywa chakula. Hilo linasemwa mapema kwa sababu wengi waliomjua ukubwani hawatalisadiki.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, wa pili katika shule nzima. Alichaguliwa kwenda sekondari. Barua ya kuchaguliwa ilipelekwa ofisi ya elimu ya halmashauri ili mzazi ajulishwe, na mzazi hakujulishwa. Baba yake alikwenda kuuliza mara nne, akaambiwa mara nne kwamba majina hayajatoka. Mara ya tano alikwenda na ndoo, kwa kuwa alikuwa amepata kibarua cha kupaka chokaa kuta za ofisi hiyohiyo. Aliposogeza kabati apitishe brashi, aliikuta barua ya binti yake nyuma ya kabati, imelala kwenye vumbi. Shule ilikuwa imefunguliwa wiki saba nyuma na nafasi amepewa mwingine. Karani alimwambia, "Mzee, haya mambo hutokea." Baba alilisimulia jambo hilo hadi kufa kwake, na kila mara alijikwaa kwenye neno "hutokea".

Basi binti akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza cherehani, na mwaka 1981 akafungua chumba chake mwenyewe mkabala na posta. Alishona sare za shule tu. Kwa miaka arobaini na moja alivisha watoto wa shule kumi na tisa, na rangi zao alizijua kwa kichwa: ipi ina kaptura ya kaki, ipi ina sketi ya marinda ya samawati, ipi ina kola yenye mstari mwekundu. Jina la Mama Pindo alilipata kwa kuwa kila sare aliiachia pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka, mzazi afumue na kushusha badala ya kununua nyingine. Mafundi wenzake walimlaumu kwamba anawafukuza wateja wake mwenyewe. Yeye alisema mtoto haulizi ruhusa ya kukua. Mmoja wa waliohudhuria hapa leo, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, anakiri kwamba alivaa suruali moja kutoka darasa la nne hadi la saba, na kwamba mistari ya mapindo yaliyoshushwa ilihesabika kama pete za mti.

Tarehe 8 Agosti 1984 aliolewa na fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Uchumba wao ulianza na suruali. Fundi alileta suruali iliyoliwa na mnyororo mguu wa kulia, ikashonwa. Siku mbili baadaye aliileta tena, mguu uleule. Alipoileta mara ya tatu ndani ya wiki moja, binti hakuipokea. Alimtazama akamuuliza, "Kaka, huo mnyororo wako unachagua mguu?" Fundi akasema mnyororo haujui kuchagua, lakini mwenye mnyororo ameshachagua. Waliishi pamoja karibu miaka ishirini na saba, hadi moyo wa fundi uliposimama ghafla akiwa kazini, Juni 2011. Walijaliwa watoto wawili: mwana mwaka 1986, na kitindamimba wao, binti, tarehe 21 Januari 1994.

Kitindamimba alizaliwa kwa shida. Hakutembea. Mikono ilimtetemeka na maneno yalimtoka polepole, kila neno likisukumwa kama mkokoteni. Akili ilikuwa nzima, na kucheka alikuwa wa kwanza, hata kabla msimuliaji hajamaliza. Baba yake alimtengenezea kiti kwa magurudumu mawili ya baiskeli. Alipotimiza miaka saba, Januari 2001, mama yake alimshonea sare na kumsukuma hadi shule ya karibu. Mwalimu mkuu wa wakati huo alisema darasa la kwanza liko ghorofani na yeye si winchi. Akawaelekeza halmashauri.

Hapa wasifu wa marehemu unakuwa wasifu wa korido moja, na familia haiombi radhi kwa hilo.

Aliandika barua sita katika miaka miwili. Jibu lilikuja tarehe 12 Mei 2003. Lilisema kwamba malalamiko yake hayana msingi, kwa kuwa mtoto aliandikishwa tangu Januari 2002 katika Kitengo cha Elimu Maalumu cha Mtaa wa Nne, na kwamba anahudhuria vizuri. Mama Pindo aliisoma mara mbili. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya cherehani akichambua vifungo kwa rangi, akamuuliza kama kweli anahudhuria vizuri. Binti akaangua kicheko. Mama hakucheka.

Mtu mwingine angesema labda shule ipo na hajui ilipo. Yeye alijua haipo. Hakuna shule iliyowahi kufunguliwa mji ule bila kitambaa chake kupita mezani kwake, na cha Mtaa wa Nne hakikupita. Asubuhi iliyofuata alikuwa dirisha la mapokezi. Karani alimwambia shule ipo, imo kwenye daftari. Mama Pindo akauliza sare yake ni rangi gani. Karani akasema yeye ni wa mapokezi tu, aende chumba namba sita. Chumba namba sita wakampeleka namba tisa. Namba tisa alikuwepo afisa elimu mwenyewe, akinywa chai.

"Ni bluu," alisema afisa.

"Bluu ipi, baba? Bluu iliyoiva ni ya shule ya reli. Bluu ya mawingu ni ya shule ya kisimani. Zote nazishona mimi. Ya kwako ni ipi?"

Afisa akasema watoto wa aina ile hawahitaji sare. Na ili amalize maneno, alifungua daftari la mahudhurio na kuligeuza upande wa Mama Pindo. Majina kumi na moja. Binti yake alikuwa wa saba kwenye orodha. Alikuwa amehudhuria siku mia moja sabini na mbili, na kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka alikuwa wa tatu.

"Unaona?" afisa alisema. "Badala ya kufurahi, mama, unakuja kugomba."

"Nafurahi. Wa kwanza ni nani?"

Afisa akamsomea. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwashi wa mtaa wa juu, aliyekuwa na kifafa. Mama Pindo alikuwa amehudhuria maziko ya mtoto huyo mwaka 2001. Alikuwa darasani, wa kwanza, akiwa na mwaka mzima na zaidi ardhini.

Aliaga kwa adabu. Waliomjua wanajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Alitoka, akaenda kwa miguu hadi Mtaa wa Nne, akakuta ghala lenye kufuli iliyoshika kutu. Alichungulia dirishani na kuona madawati yaliyovunjika yamepandana hadi darini. Mlinzi alimwambia amelinda pale miaka mitano na watoto pekee aliowaona ni wale wanaoruka ukuta kufuata mpira. Jioni alikwenda kwa mwashi. Familia haijui walizungumza nini. Inajulikana tu kwamba kuanzia siku ile mwashi alikuwa akifunga kazi saa nane, na wawili hao wakawa wanatembea nyumba kwa nyumba na orodha ambayo Mama Pindo aliinakili kwa kichwa. Watoto kumi waliwapata, kitindamimba akiwemo. Mmoja alikuwa amefungiwa chumbani tangu azaliwe. Mmoja alikuwa kiziwi mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, hajui jina lake limeandikwa vipi. Wazazi wao walikuwa wameandika barua, nao walijibiwa kwamba watoto wanahudhuria vizuri.

Mwaka mzima walipeleka malalamiko kwa pamoja, kwa diwani, kwa kamati, kwa mkaguzi. Kila ofisi iliuliza ofisi ya elimu, na ofisi ya elimu ilijibu kwa kufungua daftari lile. Ndipo Mama Pindo akanunua jora la kitambaa cha rangi ya chungwa, rangi ambayo hakuna shule iliyokuwa nayo, na akakata sare kumi na moja.

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2004, saa moja na nusu asubuhi, watoto kumi waliovaa rangi ya chungwa waliketi kwenye korido ya halmashauri, kati ya mapokezi na chumba namba tisa. Mumewe na mwanawe waliwabeba wasiotembea. Mwalimu mstaafu aligeuza ubao wa matangazo, akaanza kuandika irabu mgongoni mwa ubao huo. Sare ya kumi na moja ilikunjwa na kuwekwa juu ya kiti kitupu, na mwashi akaketi karibu na kiti hicho. Maofisa walipita upande upande kama kaa. Mwenyekiti wa halmashauri alipofika, aliuliza hawa ni wanafunzi wa shule gani.

"Ni wako, mheshimiwa," Mama Pindo alimjibu. "Wamehudhuria. Shule ndiyo tunayoisubiri."

Walihudhuria siku tisa za kazi, hadi Alhamisi ya wiki ya pili. Waliambiwa wanazuia njia, wakasogea kidogo. Waliambiwa polisi watakuja. Polisi walikuja wawili, na mmoja akamwona mpwa wake kwenye safu ya pili, akatoka nje. Siku ya tisa watoto walifika kwenye silabi, na kwa vile walizikariri kwa pamoja, hakuna kikao kilichosikilizana. Jumatatu tarehe 18 Oktoba kikafunguliwa chumba cha kweli, cha chini, chenye mlango mpana, katika shule ileile iliyomkataa kitindamimba. Halmashauri ilibandika kibao ukutani kusifu juhudi za halmashauri. Afisa elimu hakuadhibiwa. Alihamishiwa ustawi wa jamii.

Kitindamimba alijua kusoma akiwa na miaka kumi na moja. Kwa miezi kadhaa alisoma kila kitu kilichokuwa mbele yake: mifuko ya sukari, namba za mabasi, gazeti lililofungia maandazi, na mama yake alisimamisha cherehani kila mara kumsikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kumwona Mama Pindo akisimamisha cherehani kwa jambo jingine.

Mwaka 2012 binti alifikisha miaka kumi na nane, na kwa utaratibu wa halmashauri aliacha kuwepo tena. Kitengo kilimpa cheti, na siku iliyofuata alikuwa nyumbani. Mume alikuwa ameshafariki, mwana anaendesha lori la masafa marefu, na mama akabaki peke yake na cherehani na mtu mzima wa kilo arobaini na nane wa kunyanyuliwa kitandani, chooni, kitini. Aliomba mhudumu wa nyumbani, haki iliyoandikwa kwenye bango mlangoni pa ofisi ya ustawi. Ombi lilikubaliwa mwaka 2015. Mhudumu alifika mara mbili. Mara ya kwanza alijaza dodoso, mara ya pili alipiga picha. Mama Pindo alipokwenda kuuliza mara ya tatu itakuwa lini, alioneshwa jalada. Juu ya jalada mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mlezi yupo."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomuua. Familia imeambiwa kwamba si adabu kulisema hili kwenye maziko, na imelisema.

Novemba 2021 alianza kuumwa tumbo. Februari 2022 hospitali iliona uvimbe kwenye utumbo, bado mdogo, unaotolewa. Daktari wa upasuaji alimweleza wazi kwamba akishapasuliwa, wiki sita asinyanyue hata ndoo ya maji, na kwamba hatashika kisu mpaka ajue nani atamnyanyua binti. Halmashauri ilikuwa na huduma ya mlezi wa muda kwa hali kama hiyo. Ilimwandikia kwamba atapewa.

Alipangiwa tarehe 7 Machi. Alifunga begi, akamvalisha binti, akakaa mlangoni. Mlezi hakuja, alikuwa kwenye semina. Alipangiwa tarehe 11 Aprili. Mlezi hakuja, gari lilikuwepo, dereva hakuwepo. Alipangiwa tarehe 23 Mei, na safari hii mdogo wake, mpishi wa shule mwenye nyonga mbovu, alikwenda ofisini siku tatu kabla kuhakikisha. Akaambiwa fomu imeshapita siku tisini tangu kutiwa saini, hivyo imekufa, ianzwe upya. Aliyemwambia ni yuleyule wa chumba namba tisa, sasa ana nywele nyeupe. Mpishi alimwambia kwamba mgonjwa naye akipita siku tisini atakufa. Alijibiwa, "Dada, mimi sikutunga utaratibu."

Familia haijisafishi. Kila mmoja wetu alidhani mwingine yupo karibu zaidi. Marehemu kwenye simu alikuwa mtu wa "naendelea vizuri," na tulimwamini kwa sababu ilitufaa. Mwanawe alipojua ukweli, mwezi Julai, aliacha lori palepale alipokuwa na kurudi. Alijifunza kumnyanyua dada yake kwa siku mbili. Tarehe 1 Agosti daktari alimpasua Mama Pindo, akatazama, akamfunga. Uvimbe ulikuwa umetembea. Daktari alitoka kuzungumza na mwana kwenye benchi la nje, akamwambia kwamba mwezi Machi ungekuwa upasuaji wa saa mbili na kurudi nyumbani.

Jumanne ya wiki hii afisa wa ustawi alifika wodini na fomu. Haikuwa ya mlezi. Ilikuwa fomu ya maoni ya mteja kuhusu huduma aliyopewa, na ilihitaji saini kabla ya mwisho wa robo mwaka. Mama Pindo hakuwa na nguvu ya kusoma, akamwomba binti amsomee. Kitindamimba alisoma maswali yote kumi na mbili, polepole kama kawaida yake, huku afisa amesimama na wodi nzima ikisikiliza: je, mhudumu alifika kwa wakati, je, mhudumu alitumia lugha nzuri, je, ungependekeza huduma hii kwa ndugu au rafiki. Kwenye swali la nne afisa alisema si lazima kusoma yote, mama aweke alama tu. Binti akaendelea. Alipomaliza, mama yake alikunja fomu ile mara nne na kuiweka chini ya kikombe cha uji kilichokuwa kinayumba.

Alifariki Alhamisi, tarehe 22 Septemba 2022, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na minne.

Ofisi ya halmashauri imeomba dakika tano za kutoa salamu za rambirambi. Familia imejibu kwamba marehemu aliomba dakika tano kwa miaka ishirini. Viti vyao wanavyo, wakae wasikilize. Barua ya familia imefikishwa jana kwao na kwa mkaguzi, ikiwa na tarehe zote tatu na namba za vyumba, na nakala imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha cherehani ili asiseme mtu kwamba haijafika. Binti ataishi na kaka yake. Halmashauri bado inadaiwa mhudumu wake, na safari hii hakuna atakayewakubalia waandike kwamba mlezi yupo.

Marehemu ameacha mwana mmoja, dereva, na mkwe wake; binti mmoja, msomaji; wajukuu watatu; kaka yake mkubwa; mdogo wake, mpishi; mwashi, ambaye tangu mwaka ule wa korido amekuwa ndugu; na watu wazima tisa waliokuja leo na kitambaa cha rangi ya chungwa begani. Mwenyezi Mungu amlaze pahali pasipo dirisha la mapokezi, na ampe utulivu ambao hapa duniani aliambiwa aufuate kesho.

Jumatano alasiri, siku moja kabla hajatuacha, kitindamimba alikuwa kando ya kitanda chake, na alishikwa na kiu. Mhudumu wa wodi alipita na jagi, binti akamwomba maji kwa sauti ya adabu, ndogo, na mhudumu akapita. Mama Pindo alifumbua macho. Alimwashiria binti asogee, akamvuta kwa kidole hadi sikio lake likawa mdomoni pake, na mwana aliyesimama miguuni pa kitanda hakusikia, aliambiwa na dada yake baadaye.

"Omba kwa sauti, mwanangu," alisema. "Wakikuambia subiri, omba tena."